Waamuzi wa Nyimbo Wasiosikia Maneno

Kila mwaka uingiapo muhula wa pili, shule zetu hugeuka mizinga ya nyuki. Jioni, baada ya masomo, mpita njia husikia mstari mmoja wa wimbo ukirudiwa mara ishirini bwaloni, hata aondokapo huwa naye anauimba. Ni majira ya tamasha za muziki. Walimu ambao mshahara wao hauongezeki hata senti kwa kazi hii hukesha wakitunga shanga, wakiazima ngoma na kuwabembeleza wazazi watoe nauli ya basi. Mimi ni mmoja wa watu wazipendao tamasha hizi, na msomaji aniwie radhi nikikiri mapenzi hayo kabla sijaanza kulaumu.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria tamasha za ngazi ya chini katika shule moja iliyo kando ya barabara ya Namanga, baina ya Kitengela na mji wa Kajiado. Sikuwa mwamuzi. Nilikuwa mtazamaji tu, tena wa kusimama, kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha. Zamu ya nyimbo za kiasili za Wamaasai ilipowadia, ilipanda jukwaani kwaya moja kutoka Kitengela. Watoto walikuwa wamependeza kwelikweli: mashuka mekundu, shanga shingoni na vifundoni, fimbo mikononi, nyuso zimepakwa udongo mwekundu. Kiongozi wao, mvulana mrefu mwembamba, alianza kwa sauti kali iliyopenya hadi kwenye mabati, na wenzake wakamwitikia kwa mngurumo ule wa kooni ambao akishausikia mtu mara moja hausahau. Ulikuwa wimbo wa morani aliyekwenda kumkabili simba aliyekula ng'ombe. Walipofika kwenye kilele cha kisa wakaanza kuruka, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vifijo.

Dirishani, upande wa nje, alisimama mzee mmoja wa Kimaasai aliyevaa akala, bakora mkononi. Wakati sisi tukishangilia, yeye alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Nikatoka nikamwendea.

"Mzee wangu, mbona wacheka hivyo na wenzako wanapiga makofi?"

"Mwalimu," akanijibu kwa Kiswahili cha taratibu, "hawa watoto wamesema simba amemuua morani. Halafu wakaruka kwa furaha!"

Huenda mzee alitia chumvi kidogo. Wazee wana haki hiyo. Niliporejea ndani, mwamuzi alikuwa akisoma maoni yake. Alisifu maleba, akasifu miruko, akasifu usafi wa sauti ya kiongozi, kisha akaongeza kwamba maneno yalisikika vizuri. Kwaya ikapata nafasi ya pili. Mwamuzi huyo, ambaye nina hakika alifanya kazi yake kwa moyo safi, hakujua Kimaasai. Mwalimu aliyeifunza kwaya hakukijua pia, na wengi wa watoto wale hali kadhalika. Mtu pekee aliyeuelewa wimbo alikuwa nje ya ukumbi, na hakuna aliyemuuliza alama.

Jambo lililomchekesha mzee lina maelezo ya kitaalamu, na walimu wa masomo mengine watanivumilia nikiyatoa kwa ufupi. Kimaasai ni lugha ya toni. Na toni zake hazina kazi ya kutofautisha maneno tu, kama baadhi yetu tulivyozoea kufundishwa, bali zina kazi ya sarufi. Katika sentensi ya Kimaasai kitenzi hutangulia, na nomino hufuata. Nomino ipi ni ya mtenda na ipi ni ya mtendwa huonyeshwa na toni iliyobebwa na nomino yenyewe. Chukua sentensi hii: *Edol olmurrani olng'atuny*. Neno la kwanza ni "anaona", la pili ni "morani", la tatu ni "simba". Nani anamwona nani? Karatasi haisemi, kwa sababu maandishi ya kawaida ya Kimaasai hayaonyeshi toni. Asemaye ni mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, kwa kupandisha sauti hapa na kuishusha pale. A. N. Tucker na John Tompo ole Mpaayei waliieleza sarufi hii katika kitabu chao cha mwaka 1955, na kila mwanafunzi wa isimu katika vyuo vyetu hukutana nayo mapema au baadaye.

Hilo si la pekee. Kimaasai kina irabu tisa, lakini huandikwa kwa herufi tano zilezile tuzitumiazo kuandikia Kiswahili. Basi mtoto aliyelelewa Kitengela kwa Kiswahili, lugha iliyokwisha kupoteza toni na yenye irabu tano tu, akipewa maneno ya wimbo ubaoni ayasome na kuyakariri, atayasoma Kiswahili. Hana kosa. Ubao wenyewe umemficha nusu ya lugha. Najua kwamba wimbo una sheria zake, na kwamba hata mwimbaji mzawa huzipinda toni ili zifuate melodi. Lakini mzawa anajua anachokipinda. Asiyejua hupinda kila kitu sawasawa, na hapo ndipo simba humshinda morani bila mtu kutoka jasho.

Tuulize basi: tamasha hizi hushindanisha nini? Zilianza mwaka 1927, zikiwa za walowezi wa Kizungu na watoto wao, kwa mfano wa mashindano ya kwaya waliyoyaacha kwao Uingereza. Waafrika waliingia baadaye, na nyimbo za kiasili zikapata nafasi baadaye zaidi. Mizani ilikuwa imekwisha kutengenezwa: usafi wa sauti, ulinganifu wa sauti za juu na za chini, nidhamu ya kwaya, namna ya kupanda na kushuka jukwaani. Ni mizani nzuri kwa kazi iliyotengenezewa. Iwapo kwaya mbili zinaimba kipande kimoja kilichotungwa na mtu mmoja, maneno ni yaleyale kwa wote wawili, na hakuna haja ya kuyapima. Mwamuzi hupima uimbaji. Tatizo linazuka pale mizani hiyohiyo inapowekewa wimbo ambao kwa wenyewe thamani yake iko katika maneno.

Kwa Wamaasai kiongozi wa wimbo, *olaranyani*, hachaguliwi kwa uzuri wa koo peke yake. Huchaguliwa kwa kumbukumbu na ulimi. Yeye ndiye ajuaye majina ya kutaja, ya watu na ya madume ya ng'ombe, ya mito na malisho. Ndiye ajuaye mwaka upi kiangazi kilimaliza mifugo na nani alisimama imara. Hutoa mstari, wenzake wakauitikia, akatoa mwingine. Akikosea jina, watu hawanyamazi. Marika hutambiana katika nyimbo, na majirani hupashana. Kwa ufupi, yale tunayoyaita mashindano yalikuwamo ndani ya wimbo wenyewe kabla serikali haijaleta kombe, na waamuzi walikuwa ni wasikilizaji wote.

Wasukuma wa Tanzania wamehifadhi jambo hili kwa namna ya kupendeza. Vyama vyao viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana mpaka leo, na maarufu kabisa ni mashindano ya mwezi Juni huko Bujora, karibu na Mwanza. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja. Atakayevutiwa na kikundi hiki husogea huku, atakayevutiwa na kile husogea kule, na mwisho wa yote kikundi chenye umati mkubwa ndicho mshindi. Kuna uchawi, kuna nyoka, kuna vituko vya kila aina, nami siwaombi walimu wetu walete nyoka bwaloni. Nataja tu kwamba pale hukumu hutolewa na watu wanaoelewa kinachosemwa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko mbali, katika visiwa vya Karibea. Trinidad na Tobago ni nchi yenye watu wapatao milioni 1.4. Kaunti ya Kajiado, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1. Basi tunalinganisha vitu vilivyo karibu kulingana. Kila mwaka, msimu wa kanivali kabla ya Kwaresima, waimbaji wa kalipso katika nchi hiyo hushindania taji la taifa. Kalipso ilizaliwa na watumwa waliotoka Afrika Magharibi, na umbo lake la zamani halimshangazi Mwafrika: kiongozi hutoa mstari, kundi huitikia. Lakini tofauti na kwetu, mshindani hapandi jukwaani na wimbo wa babu yake. Hupanda na wimbo mpya, kuhusu mambo ya mwaka huo, na wasikilizaji humpima kwa alichokisema.

Mwaka 1937 wafanyakazi wa visima vya mafuta vya Trinidad waligoma na damu ikamwagika. Mwaka 1939, taji lilipotolewa kwa mara ya kwanza, lilitwaliwa na Growling Tiger kwa wimbo kuhusu hali ya wafanyakazi. Serikali ya kikoloni ilikuwa inazijua nguvu za nyimbo hizi; tangu mwaka 1934 ilikuwa na sheria ya kuwadhibiti waimbaji katika kumbi zao. Mwaka 1956 kijana aliyejiita Mighty Sparrow alishinda, akapewa dola 40, huku malkia wa urembo wa kanivali hiyohiyo akipewa zawadi ya maelfu ya dola. Mwaka uliofuata Sparrow aligoma, na sababu za mgomo wake akazitungia wimbo. Mwaka 1978 mwanamke, Calypso Rose, alilitwaa taji lililokuwa likiitwa la Mfalme wa Kalipso, na ikawabidi waandalizi walibadilishe jina.

Walimu wenzangu watapenda zaidi habari za Hollis Liverpool, ambaye jukwaani hujiita Chalkdust, yaani Vumbi la Chaki. Alikuwa mwalimu wa shule. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wizara ya elimu ya nchi yake ilimtaka aeleze kwa nini mtumishi wa serikali anaimba kalipso kwa malipo. Jibu lake alilitoa kwa kalipso. Baadaye alisoma hadi akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, na taji la taifa amelinyakua mara tisa kati ya mwaka 1976 na 2017. Ushindi wake wa mwaka 2017, akiwa mzee wa miaka 75, ulitokana na wimbo uliotumia hesabu za kugawanya kuonyesha kwamba mzee wa makamo yake hana haki ya kuoa mtoto wa kike. Nchi ilikuwa katika mjadala mkali kuhusu ndoa za utotoni, na wako waliokasirishwa sana na wimbo huo. Katikati ya mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria ya kuuweka umri wa ndoa kuwa miaka 18. Sisemi kwamba wimbo ndio uliopitisha sheria. Nasema tu kwamba mashindano ya nyimbo yalikuwa mahali ambapo taifa lilibishana na nafsi yake, kwa maneno yaliyoeleweka na kila mtu.

Kajiado nayo haina uhaba wa mambo ya kubishania. Ndoa za utotoni zenyewe ni mojawapo. Sheria yetu ya ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18, lakini wasichana waliokimbilia shule za bweni za Kajiado ili wasiozwe ni habari ambayo mwalimu yeyote wa huko anaifahamu. Ardhi ni jambo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapewa hati yake. Mwaka 1990 eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanzishwa jirani, Athi River, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Mashamba yakakatwa kuwa viwanja, na nyaya za ua zikapita mahali ng'ombe na nyumbu walipokuwa wakipita. Mwaka 2009 mji wa Kitengela ulikuwa na watu wapatao 58,000. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 150,000.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyomweka mwalimu wetu katika tatizo lake. Darasa moja la Kitengela laweza kuwa na watoto wa jamii kumi. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Na pale ambapo jamii zimechanganyika, Kiswahili ndicho kichukue nafasi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na sitakilalamikia Kiswahili. Ila matokeo yake ni haya: mtoto wa Kimaasai aishiye Kitengela, katika ardhi iliyokuwa malisho ya babu zake wa Ilkaputiei, anaweza kumaliza shule asisikie hata siku moja lugha ya nyumbani kwao ikitumiwa darasani. Mlango mmoja tu umebaki wazi ambapo Kimaasai huingia shuleni kikiwa na heshima, mbele ya mwalimu mkuu na mgeni rasmi. Mlango huo ni tamasha za muziki.

Ndiyo maana kicheko cha yule mzee kilinichoma. Ingekuwa tamasha ni burudani tu, tungecheka naye tukaenda zetu. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeiagiza Serikali iendeleze na kulinda lugha za kiasili. Lakini lugha inayoingia kwa mlango ule mmoja tumeivua maana pale kizingitini, tukaibakishia shanga na miruko. Na mtoto hujifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba Kimaasai ni sauti za kufurahisha wageni, si chombo cha kusemea jambo.

Nimewahi kuwaeleza haya marafiki zangu wapiganiao tamasha, nao wakanijibu kwamba alama za matamshi zipo. Zipo, ni kweli. Vilevile ni desturi mwamuzi kupewa karatasi yenye maneno ya wimbo na tafsiri yake. Lakini mwamuzi asiyeijua lugha atatoa alama za matamshi kwa kipimo gani? Atapima kama midomo ilifunguka sawasawa. Na karatasi ya tafsiri husema wimbo unapaswa kusema nini. Haiwezi kumwambia kama umesema. Kuna karatasi nilizowahi kuziona ambazo wimbo wa mistari arobaini umefasiriwa kwa sentensi moja: "Wimbo huu huimbwa na morani baada ya kuua simba." Tungempa alama gani mwanafunzi wa kidato cha pili aliyetufupishia shairi namna hiyo?

Wengine huniambia kwamba haiwezekani kuwa na mwamuzi kwa kila lugha, maana lugha zetu ni zaidi ya arobaini. Katika fainali za taifa ugumu huo naukubali. Katika ngazi ya kaunti siukubali hata kidogo. Wazee wa Kimaasai wamejaa Kajiado, na wako walimu wastaafu ambao wamekula chumvi nyingi na wanaijua lugha na ubao kwa pamoja. Gharama ya kumketisha mmoja wao kando ya waamuzi, akapewa sehemu ya alama zote kwa ajili ya maneno peke yake, ni kiti kimoja na chakula cha mchana. Akisema wimbo umekosea, mwalimu arekebishe kabla ya kupanda ngazi nyingine. Kwaya isiyo na neno sahihi isiende mbele hata kama imeruka hadi darini.

Ningependa pia kuwe na shindano dogo, la watu wawili wawili, la kutunga papo hapo. Watrinidad wanalo: mshindani hupewa mada palepale jukwaani, akajibizana na mwenzake kwa vina mpaka mmoja aishiwe. Waswahili wa pwani wamejibizana kwa mashairi karne na karne, na wasomaji wa kurasa za ushairi wa magazeti yetu wanajua jinsi malenga wawili wanavyoweza kuvutana miezi kadhaa. Sioni kwa nini wanafunzi wawili wa Kajiado wasipewe mada, tuseme ua wa seng'enge au bei ya maji ya mkokoteni, wakatambiana kwa Kimaasai mbele ya watu wanaoelewa. Asiyejua lugha hatashinda, na hilo halitakuwa dhuluma kwake zaidi ya vile asiyejua kuogelea asivyodhulumiwa na mto.

Hapa lakini pana hoja moja ambayo nimeshindwa kuipangua, na nitaiweka mbele ya msomaji kama ilivyo. Kalipso zamani iliimbwa kwa lugha ya Krioli yenye asili ya Kifaransa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 waimbaji walihamia Kiingereza, na leo Krioli ile imebaki kwa wazee wachache wa vijijini. Wimbo ulinusurika, lugha haikunusurika. Tena yawezekana wimbo ulinusurika kwa sababu ulikubali kuiacha lugha, ukawafuata watu walikokwenda. Je, mtoto wa Kitengela mwenye baba Mkamba na mama Mmaasai, azungumzaye Kiswahili na Sheng, si angekuwa mkweli zaidi kama angeuchukua mtindo wa olaranyani akautungia maneno kwa Kiswahili, juu ya mambo anayoyaona? Nadhani angekuwa mkweli zaidi kuliko kukariri sauti asizozielewa. Ningempa nafasi hiyo, katika kundi lake mahususi. Lakini ninapofikiri kwamba hatua hiyo moja, ikirudiwa na kila shule, ndiyo ile iliyoizika Krioli ya Trinidad, mkono wangu unasita. Mwanaisimu hapaswi kusaidia kuchimba kaburi, hata kama atapewa heshima ya kusoma hotuba ya maziko.

Nirudi kwa simba. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na wanyama wake hutoka kwenda Kitengela na kurudi, kama walivyofanya tangu zamani. Mwezi Juni mwaka 2012 simba sita, wakiwamo watoto wao, waliuawa kwa mikuki huko Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Wenye mbuzi walisema yao, wahifadhi wakasema yao, magazeti yakaandika siku kadhaa. Kwa hiyo wimbo wa morani na simba si kitu cha makumbusho katika mji ule. Watoto waliokuwa wakiruka siku ile wanaishi mahali ambapo swali la nani amuue nani lina fidia, lina kesi, na lina watu waliopoteza mali yote usiku mmoja. Wangekuwa wanaelewa walichokuwa wakikiimba, sina shaka kiongozi wao angeongeza mstari wake mwenyewe, na ungekuwa mstari mkali.

Siku ile, baada ya matokeo, nilimchukua mwalimu wa kwaya nikampeleka dirishani kwa mzee. Alikuwa mwanamke kijana, mzaliwa wa Machakos kwa maelezo yake, na nilihofu angekasirika. Hakukasirika. Alimwamkia mzee kwa heshima, akamuuliza amekosea wapi, akatoa kalamu. Mzee akakataa kalamu. Akasema aitwe yule mvulana mrefu.

Kijana akaja, rangi ya udongo ikimchuruzika kwa jasho. Mzee akasema mstari, si kwa kuimba, kwa kusema tu. Kijana akaurudia. Mzee akatikisa kichwa, akausema tena, akipandisha bakora yake kidogo pale sauti ilipopanda na kuishusha iliposhuka. Kijana akarudia mara tatu, mara nne. Wenzake wakasogea mmoja mmoja, mashuka yao wameyafunga viunoni, wakaanza kurudia nao. Mara ya sita au ya saba mzee aliacha kutikisa kichwa. Akawauliza kwa Kiswahili, "Sasa nani amekufa?"

"Simba!" wakajibu wote.

Dereva wa basi alikuwa akipiga honi kwa mara ya tatu, na mwalimu akawaambia waingie, wataendelea njiani.